Hakuna na Hamna: Utumbo Mpana na Swali la Kutoonekana

Kiswahili kina njia tatu za kukanusha kuwepo kwa kitu mahali. Hapana hukanusha mahali panapojulikana, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Hakuna hukanusha eneo lisilo na mipaka dhahiri. Hamna hukanusha ndani ya kitu. Katika mazungumzo ya kila siku tofauti hizo hupuuzwa bila madhara. Katika tiba ya utumbo mpana haziwezi kupuuzwa. Anayesema "saratani ya utumbo hakuna katika nchi hii" na anayesema "uvimbe hamna katika utumbo huu" wanatoa madai mawili, kila moja na ushahidi wake na dhima yake.

Dai la kwanza lilitoka Kampala katikati ya karne ya 20 na likabadili namna dunia inavyofikiri juu ya chakula. Dai la pili hutolewa kila siku na daktari aliyeshika mpira wa kolonoskopi, na utafiti wa miaka ya karibuni umeonyesha jinsi lilivyo rahisi kukosea. Swali linaloyaunganisha ni la kifalsafa kabla ya kuwa la kitabibu: mtu ana haki gani ya kusema kwamba kitu hakipo, kwa kuwa yeye hakukiona?

Dai la Mulago

Hospitali ya Mulago jijini Kampala ilikuwa hospitali ya kufundishia ya chuo cha Makerere, na wagonjwa walifika hapo kutoka pande zote za Uganda. Mwaka 1951 wanapatholojia wake walianzisha daftari la saratani la Kampala, miongoni mwa madaftari ya kwanza ya aina hiyo barani Afrika. Katika mazingira hayo Hugh Trowell, tabibu Mwingereza aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1929 na aliyejulikana zaidi kwa kazi yake juu ya kwashiakoo, aliweka orodha isiyo ya kawaida. Iliorodhesha maradhi aliyofundishwa kwao ambayo wodini Mulago hakuyaona, au aliyaona kwa nadra. Kitabu chake juu ya maradhi yasiyoambukiza barani Afrika kilitoka mwaka 1960. Kufunga choo, vijifuko vya utumbo mpana, kuvimba kwa kidole tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana vilikuwa miongoni mwa vitu ambavyo vizazi vya madaktari wa Mulago vilivitaja kuwa nadra.

Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Enniskillen, Ireland, alifika Uganda mwaka 1946, akafanya kazi Lira kisha Mulago. Alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza akiwa na umri wa miaka 11. Jina lake limebaki katika saratani ya watoto inayovimbisha taya, ambayo aliieleza mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari zaidi ya kilomita 16,000 kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama uvimbe huo unaonekana hapo. Safari hiyo ilimfundisha kwamba sehemu tupu za ramani zina habari kama zilivyo sehemu zenye alama. Pale ugonjwa usipoonekana, pana sababu ya kutafutwa.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966, Burkitt alikutana na mawazo ya Peter Cleave, daktari wa jeshi la majini aliyeamini kwamba sukari na unga uliokobolewa ndivyo vinavyozalisha maradhi mengi ya Wazungu. Burkitt akauelekeza mtindo wake wa ramani kwenye utumbo. Mwaka 1972, pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na Neil Painter wa London, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya muda ambao chakula hutumia kusafiri mwilini. Njia waliyoitumia ilikuwa nyepesi. Mshiriki alimeza vijipande 25 vya plastiki visivyopenywa na eksirei. Kila alipokwenda haja kubwa, kinyesi kilipokelewa katika mfuko, kikaandikiwa saa, kikapimwa uzito, kisha kikapigwa picha mfuko ukiwa umefungwa. Vijipande vilihesabiwa kwenye picha, na safari ilihesabiwa kuwa imekwisha vilipotoka 20 kati ya 25.

Wanavijiji wa Uganda waliopimwa walitoa kwa wastani gramu 470 hivi za kinyesi kwa siku, na safari ilichukua saa 36 hivi. Wanamaji wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 104, kwa saa 83. Maelezo ya Burkitt yalikuwa kwamba nyuzinyuzi za viazi vitamu, wimbi, maharage, matoke na mboga za majani hushika maji, huujaza utumbo na kuusukuma, hivyo vitu vyenye madhara hukaa muda mfupi vikigusana na ukuta wake. Mkate wa unga usiokobolewa na pumba za ngano vikapata heshima mpya mezani Ulaya na Marekani. Kinyesi cha mwanakijiji wa Uganda kikawa kipimo cha afya ya mtu wa London.

Mashaka matatu

Dai la kwamba ugonjwa hakuna lina udhaifu wa kimantiki: mtu hawezi kuonyesha kitu kisichokuwepo, huweza tu kuonyesha mahali alipotafuta. Burkitt alitegemea kwa sehemu kubwa taarifa za hospitali, nyingi zikiwa za misheni. Taarifa hizo zilithibitisha hapana ya wodini. Kutoka hapo, ili kufika kwenye hakuna ya nchi nzima na hamna ya matumbo ya watu wake, lazima kuvuka mito miwili, na kila mto una mashaka yake.

Shaka la kwanza ni la umri. Saratani ya utumbo mpana huzidi kadiri mtu anavyozeeka, na katika nchi ambayo wengi walikufa mapema kwa malaria, surua na nimonia, wazee walikuwa wachache. Shaka la pili ni la njia ya kufika hospitali. Mwenye damu kwenye choo alikuwa na haya, na mganga wa mitishamba alikuwa karibu kuliko Mulago. Shaka la tatu ni la vyombo. Vijifuko vya utumbo havionekani kwa macho ya nje wala kupapaswa kwa mkono, vilihitaji eksirei yenye dawa iliyoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na mitambo hiyo ilikuwa michache. Kolonoskopi yenyewe ilikuwa bado haijaenea: William Wolff na Hiromi Shinya walianza kuitumia kuondoa vinyama vinavyoota utumboni mjini New York mwaka 1969, wakati Burkitt alikuwa ameshaondoka Uganda.

Hata hivyo dai halikuanguka lote. Wanapatholojia wa Mulago walipasua maiti, na maradhi haya waliyakuta kwa nadra. Aliyefungua tumbo la marehemu na kuutazama utumbo kwa urefu wake anaweza kusema hamna kwa haki kuliko yeyote aliyesoma rejista. Ushahidi mwingine umetoka katika daftari la saratani lenyewe, linalofuatilia wakazi wa kaunti ya Kyadondo, ambamo jiji la Kampala limo. Daftari lilidhoofika katika misukosuko ya miaka ya 1970 na 1980, likafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Takwimu zake zinaonyesha kwamba kiwango cha saratani ya utumbo mpana na puru kimepanda tangu miaka ya 1960, ingawa bado kiko chini kikilinganishwa na Ulaya au Marekani Kaskazini. Viwango hivi hurekebishwa kwa umri, kwa hiyo kuongezeka kwa wazee peke yake hakutoshi kueleza ongezeko hilo.

Ongezeko nalo linasomeka kwa namna mbili. Pengine ugonjwa umeongezeka kwa sababu mji umebadili chakula na mwendo: chapati ya unga mweupe iliyoviringishwa na mayai, chipsi, soda, bodaboda badala ya miguu. Pengine macho yameongezeka, yaani hospitali nyingi zaidi, madaktari zaidi, wagonjwa wasioona haya kama wazazi wao. Yamkini yote mawili ni kweli, na tarakimu peke yake haziwezi kuyatenganisha.

Kuhusu sababu, mambo yamekuwa magumu kuliko Burkitt alivyotarajia. Mwaka 2000 majaribio mawili makubwa ya Marekani yalifuatilia watu waliokwisha kuondolewa vinyama. Moja liliwapa pumba za ngano, jingine chakula chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta machache. Vinyama vilirudi kwa kiasi kilekile. Mwaka 2003 uchunguzi wa watu zaidi ya 500,000 katika nchi 10 za Ulaya ukaonyesha kinyume: waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani hii kwa uchache. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la kubadilishana vyakula. Kwa majuma 2, Wamarekani weusi 20 wa Pittsburgh walikula chakula cha kijijini Afrika Kusini, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakala chakula cha Kimarekani. Wote walifanyiwa kolonoskopi kabla na baada, na vipande vidogo vya utando wa utumbo vikachukuliwa. Dalili za hatari katika chembe za utando zilipungua kwa kundi la kwanza na kuongezeka kwa la pili. Bakteria walioshibishwa nyuzinyuzi walitengeneza zaidi butireti, asidi inayolisha chembe za ukuta wa utumbo. Nyuzinyuzi, basi, ni sehemu ya sababu, si sababu nzima. Ugonjwa unaochukua miaka 10 au zaidi kukua kutoka kinyama kidogo hadi saratani haupimiki kwa haraka kwa jaribio la miaka 4.

Jicho la ndani

Kolonoskopi ilileta uwezo wa kusema hamna juu ya mtu aliye hai. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Mpira wenye taa na kamera kwenye ncha huingizwa kwa njia ya haja kubwa, hupanda upande wa kushoto, huvuka chini ya mbavu na kushuka upande wa kulia hadi mwanzo wa utumbo mpana. Hapo tundu la kidole tumbo huonekana kama mkunjo mdogo wenye umbo la mwezi mwandamo. Picha ya tundu hilo ndiyo hati ya kwamba safari ilifika. Kutazama hasa hufanyika wakati wa kurudi: daktari huuvuta mpira polepole, husafisha kwa maji, hupuliza hewa, na kuchungulia nyuma ya kila kikunjo, kwa kuwa nyuma ya kila kikunjo pana kivuli. Kinyama bapa chenye rangi ya utando wenyewe hupita mbele ya kamera bila kuonekana.

Kiasi cha kinachopita kimepimwa. Wagonjwa walipochunguzwa mara mbili mfululizo, ilionekana kwamba vinyama vya aina ya adenoma, vinavyoweza kugeuka saratani, hukosekana katika uchunguzi wa kwanza kwa karibu robo. Mwaka 2006 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba madaktari waliotumia wastani wa dakika 6 au zaidi kuurudisha mpira walikuta adenoma kwa asilimia 28 ya watu, na walioharakisha kwa asilimia 12. Mwaka 2010 watafiti wa Poland walikuta kwamba wagonjwa wa madaktari walioona adenoma kwa chini ya asilimia 20 ya watu walikuwa katika hatari zaidi ya mara 10 ya kupata saratani kabla ya uchunguzi uliofuata. Mwaka 2014 takwimu za California zilithibitisha uhusiano huo: kila asilimia moja ya ziada katika uwezo wa kuona iliambatana na hatari iliyopungua kwa asilimia 3.

Kutoka hapo likazaliwa wazo lenye maana kubwa kifalsafa. Ubora wa hamna ya daktari hupimwa kwa wingi wa imo yake. Daktari ambaye karibu kila utumbo anaukuta safi haaminiki zaidi kwa habari zake njema, anaaminika kidogo. Kwa hiyo kuboresha kolonoskopi kumekuwa, kwa kiasi kikubwa, kujenga nidhamu ya kutojiamini: kuhesabu dakika, kupiga picha ya mwisho wa safari, kuandika alama ya usafi wa utumbo, kurudia kutazama upande wa kulia, kulinganisha hesabu za daktari mmoja na mwenzake.

Hapa, Kampala inaleta tatizo ambalo miongozo ya Ulaya na Marekani haikulifikiria vya kutosha. Kiwango cha asilimia 25 kilichotumika kwa miaka mingi kama mpaka wa daktari mwangalifu kilitoka kwa watu ambao adenoma ni za kawaida miongoni mwao. Ikiwa Burkitt alikuwa sahihi, daktari wa Kampala aliye mwangalifu kabisa anaweza kuona adenoma chache kwa sababu ni chache kweli. Ikiwa Burkitt alikosea, uchache huohuo ni dalili ya jicho lililolegea au mtambo uliochoka. Hakuna ya nchi na hamna ya mgonjwa zinategemeana hapa kama mawe mawili yaliyoegemezana. Namna ya kutoka ni kupima kwanza kile kisichotegemea wingi wa ugonjwa, yaani mpira ulifika wapi, utumbo ulikuwa safi kiasi gani, kurudi kulichukua dakika ngapi. Hayo yakithibitishwa, ndipo uchache wa adenoma unapoweza kuhesabiwa kuwa habari juu ya watu badala ya habari juu ya daktari.

Usafi wa utumbo ni mtihani wa pekee. Kwa kejeli ya mambo, vyakula vilevile alivyovisifu Burkitt, maharage, mboga za majani, karanga na matunda yenye mbegu, ndivyo mgonjwa anavyotakiwa kuviacha siku moja hadi tatu kabla, kwa kuwa mabaki yake huficha ukuta. Kisha hunywa lita kadhaa za dawa ya kuharisha, bora nusu jioni na nusu alfajiri ya siku yenyewe. Kwa mtu wa Kololo mwenye choo chumbani ni usiku mbaya tu. Kwa mpangaji wa chumba kimoja Bwaise au Kisenyi, ambaye choo chake ni cha shimo kinachotumiwa na kaya nyingi, na pengine kina kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa jirani, kwenda nje mara kumi na tano gizani ni mzigo ambao karatasi ya maelekezo haikuutaja. Utumbo uliobaki na uchafu mara nyingi ni habari ya nyumba kuliko habari ya mgonjwa.

Mashine nazo zimeingia. Programu za kompyuta huweka alama kwenye skrini pale zinapohisi kinyama, na majaribio mengi yameonyesha kwamba husaidia kuona zaidi. Lakini utafiti wa Poland uliochapishwa mwaka 2025 ulikuta kwamba madaktari waliozoea msaada huo, walipofanya kazi bila mashine, waliona adenoma kwa asilimia 22 ya wagonjwa, ilhali kabla ya mashine kuja walikuwa wakiona kwa asilimia 28. Jicho lililokabidhi kazi yake linaweza kusahau kazi hiyo. Kwa hospitali ambayo umeme hukatika na programu hulipiwa kwa mwaka, onyo hilo si dogo.

Ghaibu na kilichofichika

Tiba na dini zimeishi pamoja Kampala tangu mwanzo. Albert Cook wa misheni ya Kianglikana alianzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, Wakatoliki wakafuata Rubaga na Nsambya, Waislamu wana hospitali yao Kibuli. Burkitt alikuwa Mkristo mwenye ari aliyeamini kwamba Mungu ndiye aliyemwongoza Afrika. Trowell alirudi Uingereza akapewa upadri katika Kanisa la Anglikana. Kwa hiyo haishangazi kwamba wazo la nyuzinyuzi lilibeba harufu ya hadithi ya Edeni: mwanakijiji asiye na doa upande mmoja, mwanadamu aliyeanguka kwa mkate mweupe upande mwingine. Hadithi hiyo ina hatari yake. Trowell, aliyetumia miaka mingi kwenye vitanda vya watoto wenye kwashiakoo, alijua vizuri kwamba kijiji hakikuwa bustani. Tumbo lisilo na vijifuko lilikuwa na minyoo.

Imani zote mbili kuu za mji zinafundisha kuamini kisichoonekana, na hapo ndipo huingia mkanganyiko unaogharimu maisha. Katika mafundisho ya Kiislamu ghaibu ni kile ambacho Mungu pekee anakijua na mwanadamu hakifikii ila kwa kufunuliwa. Wakristo nao huzungumza juu ya siri za Mungu. Kinyama kilichojificha nyuma ya kikunjo cha utumbo si ghaibu kwa maana hiyo. Kimefichika tu, na kilichofichika hufichuliwa na anayekitafuta. Kuita uvimbe "siri ya Mungu" kabla mtu hajautafuta ni kukipa kiumbe heshima ya Muumba. Hoja ya kudra haibadilishi jambo: anayeamini kwamba siku yake imeandikwa hajaambiwa imeandikwa lini, na kutafuta tiba ni sehemu ya yaliyoandikwa sawa na kutoitafuta.

Kikwazo kingine ni haya, na haya si upumbavu. Katika Uislamu stara ya mwili ni wajibu, na kinyesi ni najisi inayotaka tohara. Lakini sheria hiyohiyo ina kanuni kwamba dharura huruhusu yaliyokatazwa kwa kiasi cha dharura, na wanazuoni huruhusu tabibu kuutazama uchi inapohitajika, ikipendelewa awe wa jinsia moja na mgonjwa akipatikana. Katika Injili ya Marko, Yesu anafundisha kwamba kinachopita tumboni na kutoka chooni sicho kinachomtia mtu unajisi. Waislamu hufundishwa dua ya kuingia chooni na ya kutoka. Dini, basi, haikuwahi kuona choo kuwa nje ya macho ya Mungu. Wakristo huuita mwili hekalu na Waislamu huuita amana. Mwenye amana huikagua, na mtunza hekalu hafungi mlango wa chumba kimoja kwa kuwa kinanuka. Wahenga walilisema kwa ufupi: mficha uchi hazai.

Nani atazamwe

Kutazama kuna gharama, na gharama inaleta swali la haki. Mwaka 2022 jaribio kubwa la Ulaya, lililofuatilia watu 84,585 wa Poland, Norway na Sweden kwa miaka 10, lilionyesha kwamba kualika watu wasio na dalili yoyote kufanyiwa kolonoskopi kulipunguza saratani kutoka asilimia 1.20 hadi asilimia 0.98. Ni asilimia 42 tu ya walioalikwa waliokwenda. Ilihitajika kualika watu 455 ili mmoja aepushwe na saratani. Vifo havikupungua kwa kiasi cha kuhitimishwa. Wakati huohuo mpira huweza, kwa nadra, kutoboa utumbo wa mtu aliyekuja akiwa mzima.

Hesabu hiyo ikihamishiwa Kampala, ambako ugonjwa bado ni mchache kuliko Ulaya na wataalamu wa kolonoskopi ni wachache zaidi, haitetei kuwaalika wazima wote. Saa ya mtambo inayotumika kwa mtu mwenye afya na bima ni saa aliyonyimwa mwenye damu kwenye choo anayesubiri foleni. Hata kipimo rahisi cha damu iliyofichika kwenye kinyesi hakiwezi kuletwa kama kilivyo. Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha matumbo huufanya utumbo utoe damu na hata kuotesha vinyama, na safura na amiba nazo hutoa damu. Kipimo kinachosema "ipo damu" huko Oslo kinaelekeza njia moja. Huko Ggaba, ufukweni mwa ziwa hilo, kinaelekeza njia nne.

Linalobaki ni deni. Ushahidi uliobadili mlo wa nchi tajiri ulitolewa na miili ya wanavijiji wa Uganda, watu waliohesabiwa kwa ugonjwa wasiokuwa nao. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, katika marekebisho yake ya baadaye, linataka kundi dhaifu linalotafitiwa linufaike na matunda ya utafiti. Kutumia kutoonekana kwa ugonjwa kwa mtu kama hoja, kisha kumwacha bila jicho la kumtazama ugonjwa unapofika, ni kuchukua hakuna yake na kumnyima hamna. Deni hilo halilipwi kwa mitambo ya msaada inayowekwa na kuachwa bila fundi. Hulipwa kwa kufundisha wauguzi na madaktari, kwa dawa ya kusafisha tumbo iliyo ya bei ya kununulika, kwa choo safi cha kutumia wodini usiku wa maandalizi, na kwa daftari la saratani linaloandikwa bila kukatika.

Mpangilio unaofaa ni wazi. Watangulie wenye dalili: damu kwenye choo, choo kilichobadilika tabia kwa majuma bila sababu, kukonda kusikoelezeka, upungufu wa damu kwa mtu mzima asiye na chanzo kinachojulikana. Wafuate wenye ndugu wa karibu waliopata saratani hii. Vijana wasiambiwe kwamba umri unawalinda, na mwenye damu asiridhishwe na neno "bawasiri tu" lililosemwa kabla mtu hajatazama. Usilolijua ni usiku wa giza, na ndani ya utumbo giza hilo halitoki kwa dhana. Mgonjwa anayeambiwa hamna ana haki ya kuuliza maswali mawili: mpira ulifika wapi, na utumbo ulikuwa safi kiasi gani? Daktari asiyeweza kuyajibu bado hajathibitisha neno lake.